Mkutano wa Wazee na Maji ya Bamvua

Kijiji cha Matemwe, kilichoko pwani ya kaskazini-mashariki ya Unguja kikitazamana na kisiwa cha Mnemba, kina kalenda mbili. Ya kwanza imetundikwa katika ofisi ya mwalimu mkuu, yenye mihula, mitihani na siku za mapumziko. Ya pili haikutundikwa popote, nayo ni ya mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua, hupwa sana mnamo saa nne na saa tano za asubuhi, bahari ikarudi nyuma hata ukaiona inapiga mbali kwenye mwamba. Baina ya bamvua moja na nyingine huja maji mafu, ambayo hayapwi kwa kadiri ya kumfaa mtu. Leo twataka kusema juu ya khabari za skuli zinazopelekwa kwa wazee wa watoto, na twasema wazi kwamba nyingi katika khabari hizo hupotea njiani kwa sababu kalenda hizi mbili hazijapata kukutanishwa.

Msomaji wa mjini yafaa aelezwe bamvua ni nini kwa mwanamke wa shamba la pwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, kisha kikaenea pwani yote ya mashariki, na wakulima wake walio wengi ni wanawake. Mwani hufungwa, hupaliliwa na hukatwa maji yanapopwa, wala haiwezekani vinginevyo. Maji hayo hayo ndiyo ya kutafuta pweza na chaza, na ndiyo ya kwenda kufukua makumbi yaliyozikwa mchangani miezi mingi ili yasukwe kamba. Saa tatu au nne alizonazo mama huyo katika siku za bamvua ndizo mshahara wake. Bahari ikijaa, siku yake ya kazi imekwisha, na hakuna wa kumlipa saa alizozikosa.

Basi na tutazame barua ya skuli. Barua huandikwa kwa adabu, hupigwa chapa, hukabidhiwa mtoto aipeleke kwao, na nakala hupelekwa kwa sheha. Aghalabu husema hivi: wazee wote wanaombwa kuhudhuria mkutano siku ya Jumamosi, saa nne kamili za asubuhi. Mwandishi wa barua hiyo hakukusudia ubaya wowote. Saa nne ni saa nzuri kwa mtu wa ofisi, jua halijawa kali na chai imekwisha kunywewa. Lakini Jumamosi hiyo ikiangukia bamvua, saa nne ni ile ile saa ambayo mama amesimama katika maji ya magoti akikata mwani.

Tulipata kuhudhuria mkutano mmoja wa namna hiyo katika kijiji kimoja cha pwani hiyo, ambacho hatutakitaja jina, kwani hatukwenda kumtafutia mtu aibu. Madawati yalipangwa vizuri. Wanaume walikuja wa kutosha, na wengine walikuja na vikoi vyao vya kwendea msikitini. Wanawake hawakutimia vidole vya mkono mmoja, nao walikuwa mabibi wazee walioacha pwani zamani. Mkutano ulipokwisha tuliteremka ufukweni, tukakutana na mama mmoja anayepandisha polo la mwani kichwani, maji yakimchirizika mabegani. Tukamwuliza mbona hatukumwona skuli. Alilitua polo lake kwanza, kisha akatujibu: "Huo mkutano wenu, baba, mmeuweka bamvua. Mie nishike lipi, maneno au mwani?" Hatukuwa na jawabu.

Wako watakaosema kuwa mwanamme akihudhuria yatosha, kwani atakwenda kumweleza mkewe. Sisi tuna ndoa zetu majumbani na twajua namna khabari inavyofika. Mkutano wa saa mbili hufika nyumbani kwa maneno manne: "Wamesema tuwahimize watoto wasome." Yaliyobaki yamekwisha barazani.

Na hayo yaliyobaki ndiyo yenye uzito. Tukumbuke kwamba tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila ya malipo Zanzibar, na mtoto wa mvuvi akapata kuingia darasani bila ya babake kuuliza ada. Katika miaka ya 1990 wazee walitakiwa tena kuchangia gharama, na mwaka 2015 Serikali ikafuta michango ya wazee katika skuli za msingi. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 nayo iliweka miaka 2 ya maandalizi, 6 ya msingi na 4 ya sekondari, ikauondoa utaratibu wa zamani wa darasa la saba. Kila badiliko katika hayo lilikuwa na maana ndani ya nyumba ya mtu: mtoto aandikishwe akiwa na umri gani, na cheti gani cha kuzaliwa, mtihani wa kumpandisha sekondari aufanye darasa la ngapi, mwalimu akidai fedha, fedha hiyo ni halali au si halali. Mama asiyejua kwamba michango imefutwa aweza kumbakisha mtoto nyumbani kwa aibu ya kukosa fedha ambazo hakuna mwenye haki ya kumdai. Kununua sare, madaftari na viatu peke yake ni mzigo wa kutosha kwa mwenye kuuza mwani kwa kilo.

Twatoa mfano mmoja tu, ambao ndio uliotufanya tushike kalamu. Yule mama wa polo la mwani alikuwa na binti aliyepata uja uzito akiwa kidato cha pili. Binti akajifungua, mtoto akakua hata akaachishwa ziwa, na yule binti yuko nyumbani akimsaidia mamake kufunga mwani, kwa kuwa wote wawili walidhani mlango wa skuli umekwisha fungwa. Haukufungwa. Zanzibar ilimruhusu msichana aliyejifungua kurudi masomoni miaka mingi kabla ya Tanzania Bara, ambako uamuzi kama huo ulitangazwa Novemba 2021. Tulipomwambia mama yule khabari hiyo, alituuliza ilisemwa lini. Tukaona vigumu kumwambia ya kwamba ilisemwa asubuhi ile ile, darasani, mbele ya wanaume waliokuwa wakitazama saa zao.

Wengine watatutajia simu za mkononi na makundi ya WhatsApp. Hatuzidharau, zinafanya kazi kubwa, na msikiti nao una kipaza sauti chake. Lakini simu yenye kundi la skuli mara nyingi iko mfukoni mwa baba, na baba akiwa yuko dago, basi khabari za mwanawe ziko dago pamoja naye. Kwa kutaja dago twaongeza neno: vijana wa kiume huchukuliwa huko wakiwa bado wanafunzi, kwenda kuvua na kupika, na wakirudi huona haya kukaa dawati moja na wadogo zao. Mwalimu aliyegundua jambo hilo mapema, kwa kuzungumza na mama aliyebaki nyumbani, aweza kumwokoa kijana. Akingoja daftari la mahudhurio limwambie, chombo kimekwisha tweka tanga.

Wako pia ndugu zetu wafanyakazi wa mahoteli yaliyopangana katika fukwe za Matemwe. Hawa bahari haiwazuii. Wanaozuiwa ni na zamu. Mpishi au msafishaji vyumba aliye zamu ya asubuhi hawezi kuhudhuria mkutano wa skuli ila kwa ruhusa, na wengine huogopa hata kuiomba ruhusa yenyewe. Twaona si jambo kubwa kwa mwenye hoteli, aliyejenga juu ya ardhi ya kijiji, kumpa mzee wa mtoto saa mbili mara moja katika muhula bila ya kumkata mshahara. Viongozi wa wafanyakazi walitie jambo hili katika madai yao. Hatujapata kusikia limo.

Ama kwa upande wa skuli, tunaloliomba halihitaji fedha. Mikutano ya wazee iwekwe siku za maji mafu, mnamo tarehe 7 au 8 na tarehe 22 au 23 za mwezi wa Kiislamu, ambapo asubuhi wanawake wako majumbani. Au iwekwe baada ya sala ya alasiri, watoto wakiwa chuoni. Na khabari nzito, kama hiyo ya wasichana kurudi masomoni, isingoje mkutano. Ipelekwe katika vikundi vya wakulima wa mwani, na katika kliniki siku ya kupima watoto wachanga, ambako mama huja hata kama ana homa. Kamati za skuli ziwe na wanawake wanaokwenda pwani, si wake wa wakubwa peke yao.

Bamvua haiji kwa kushtukiza. Huja kila baada ya siku 14 au 15, na hakuna mvuvi Matemwe asiyeweza kuitaja siku yake bila ya kufungua kitabu. Kabla barua ya muhula ujao haijapigwa chapa, mwalimu mkuu na amtume mtu pwani akaulize.