Nilichojifunza Kitengo cha Uhalifu wa Fedha Benki: Mambo 6 ya Kulinda Akaunti Yako ya Biashara



Kabla sijaanza kuuza viatu vya watoto mtandaoni, nilikaa mwaka mmoja kwenye benki moja hapa Dar kama mwanagenzi, kitengo cha uhalifu wa fedha. Uanagenzi ni kujifunza kazi ukiwa kazini. Asubuhi unakaa na mkubwa wako anakuelekeza, mchana unafanya mwenyewe, jioni anakagua. Mimi nilidhani naenda kukamata majambazi. Kumbe kazi yenyewe ni kusoma miamala kutwa nzima: nani kaingiza, nani katoa, saa ngapi, imeenda wapi.

Naandika haya kwa sababu akaunti nyingi nilizoletewa mezani zilikuwa za watu kama sisi. Wauza magauni, simu, vipodozi, mikoba. Wengi hawakuwa wezi. Walikuwa wamekaa vibaya tu, au wameingizwa mjini.

BENKI INAKUONAJE?

Benki ina mfumo wa kompyuta unaofuatilia miamala. Mfumo haukujui wewe. Unachofanya ni kulinganisha ulichosema siku unafungua akaunti na unachokifanya sasa. Visipoendana, unapiga kengele, na mtu anakaa kuchunguza.

Wiki yangu ya pili nilipewa akaunti iliyoandikwa "mwanafunzi". Kila siku zinaingia pesa ndogo ndogo kutoka kwa watu tofauti, jioni zinatoka zote kwa mkupuo. Nikamwambia mkubwa wangu, "Dada, hizi ni fedha haramu." Akaniuliza, "Umeziona haramu au umeona namba tu?" Tukarudia kusoma. 25,000, 35,000, maelezo yameandikwa "gauni", "gauni na usafiri". Alikuwa binti anauza nguo. Alimaliza chuo, hakubadilisha taarifa zake benki. Akaombwa azihuishe, yakaisha.

Lakini kwa nini mfumo ulishtuka? Kwa sababu watakatishaji fedha nao hufanya hivyo hivyo. Pesa chafu huingizwa kidogo kidogo isionekane, huzungushwa kwenye akaunti nyingi ili ipotee njia, halafu hutoka ikiwa inafanana na pesa ya biashara halali. Na biashara ndogo yenye miamala mingi midogo ni kichaka kizuri cha kujificha. Ndiyo maana matapeli wanatutafuta.

KISA AMBACHO SIJAKISAHAU

Dada mmoja anauza mikoba. Mteja mpya akaagiza mkoba wa 85,000. Ikaingia 850,000. Dakika chache, simu: "Samahani dada, nimeongeza sifuri. Chukua yako, iliyobaki 765,000 mtumie mdogo wangu kwenye namba hii." Dada wa watu, mwaminifu, akatuma. Mteja hakurudi kuchukua mkoba. Hapo ndipo alipotakiwa ashtuke.

Ile 850,000 ilikuwa imeibwa kwenye akaunti ya mtu mwingine. Mwenyewe alipolalamika, nyayo zikaishia kwa dada. Akaunti ikashikiliwa, na ndani kulikuwa na mtaji wake wote wa kwenda kufungasha Kariakoo.

Akaja tawini. Niliambatana na mkubwa wangu kumsikiliza. Akanishika mkono, "Mdogo wangu, niambie tu nimekosa nini." Nilikuwa najua kila kitu. Faili lake niliandaa mimi. Lakini taarifa ya muamala wa mashaka ikishapelekwa kwenye kitengo cha serikali kinachoshughulikia fedha haramu, sheria inakataza mtumishi wa benki kumtonya mteja. Tanzania tuna sheria hiyo tangu 2006. Nikamjibu nilivyofundishwa: "Akaunti yako inafanyiwa mapitio, tutakujulisha." Ile siku sikula mchana.

Kilichomwokoa ni kitu kimoja: hakuwa amefuta chochote. Alileta mazungumzo yote ya WhatsApp, namba ya mteja, picha ya mkoba, na meseji ya "nimeongeza sifuri". Baada ya wiki tatu akaunti ikafunguliwa. Ile 85,000 ilirudishwa kwa mwenye pesa. 765,000 ilikuwa imeshatolewa kwa wakala siku ile ile, na mpaka naondoka pale haikuwa imepatikana.

SASA FANYA HIVI

1. Huisha taarifa zako. Kama ulifungua akaunti ukiwa mwanafunzi na sasa unauza bidhaa, nenda tawini uwaambie unafanya nini na kwa mwezi huwa inaingia kama kiasi gani. Usione aibu kwamba biashara ni ndogo.

2. Tenganisha pesa ya biashara na ya nyumbani. Tumia lipa namba au akaunti maalum. Mchango wa harusi, kikoba na mauzo vikikaa chungu kimoja, hata wewe mwenyewe ukiulizwa utashindwa kueleza.

3. Pesa ikizidi, irudi ilikotoka. Usiitume kwenye namba ya tatu, hata akikulilia. Usitoe, usitume. Piga simu benki au mtandao wako wa simu, waeleze, waurudishe muamala wao wenyewe. Mteja mkweli atasubiri. Tapeli ndiye ana haraka.

4. Usiazimishe akaunti wala laini. "Nipitishie tu milioni mbili, nitakuachia elfu hamsini" si dili, huko ni kubebeshwa mzigo wa mtu. Jina kwenye muamala ni lako, na polisi watakuja kwako. Piga pia *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda kaifute.

5. Angalia salio, usiangalie picha. Skrinishoti ya malipo inatengenezwa kwa dakika moja. Meseji ya kuingia pesa pia inaigwa, soma imetoka kwa nani. Mzigo usitoke mpaka uone pesa kwenye salio lako. Meseji za kitapeli zitume 15040, ni bure.

6. Tunza kumbukumbu, na ukiulizwa jibu. Oda, mazungumzo, risiti ya basi au bodaboda, risiti ya ulikonunua mzigo. Benki ikipiga kuuliza pesa fulani ni ya nini, usikasirike. Peleka vielelezo mapema, na uende tawini mwenyewe. Ila kumbuka, benki haitakuuliza namba ya siri. Anayeuliza hiyo ni mwizi.

Najua tunalalamika kwamba siku hizi benki zinauliza sana. Oktoba 2022 nchi yetu iliwekwa kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu. Tukatolewa Juni 2025. Kutolewa hakumaanishi maswali yameisha, maana tukilegea tunarudi kule kule.

Mimi mwenyewe wiki iliyopita mteja kanizidishia 20,000. Nimepiga simu huduma kwa wateja, nimekaa kwenye foleni ya simu dakika kumi na tano, pesa imerudi kwa mwenyewe. Kanicheka, "Dada, si ungenitumia tu?" Nikamwambia, ningekuhadithia ninachokijua, ungesubiri na wewe.

Mtumie mwenzako anayeuza mtandaoni asome kabla hajapigwa. Biashara njema.