Mabeki Wakongwe: Je, Wafaa Kuziba Ufa wa Nyuma?

Katika mazungumzo haya twataka kulichungua jambo ambalo wapenzi wa mpira wa miguu hulibishania kila dirisha la usajili lifunguliwapo. Jambo lenyewe ni hili: timu inayofungwa mabao mengi, je, yafaa imtafute beki mkongwe mwenye jina ili aje kuimarisha ulinzi, au heri ivumilie na vijana wake?

Mtu asidhani kwamba hili ni neno la kupitishia wakati tu. Fedha za klabu za mikoani ni chache, na zikitumiwa vibaya hapana nyingine. Tena timu ikishuka daraja, hasara haiwi ya wachezaji peke yao. Mama lishe, mwenye nyumba ya wageni na mwenye bodaboda hukosa wateja wa siku ya mchezo; na mtoto aliyekuwa akiwaona wachezaji wakubwa kwa macho yake hurudi kuwasikia redioni. Sisi wa Songwe twalijua hilo, maana hata baada ya mkoa wetu kutengwa na ule wa Mbeya mwaka 2016, wengi wetu tumeendelea kusafiri kilomita zipatazo 100 kutoka Tunduma hadi uwanja wa Sokoine ili kutazama michezo ya Ligi Kuu.

Na mfano wa kutufundisha upo karibu. Timu ya KenGold ya Chunya, majirani zetu, ilipanda Ligi Kuu ikiwa bingwa wa daraja la pili, yaani Championship, katika msimu wa 2023/24. Lakini Ligi Kuu haikuwa na huruma. Nusu ya kwanza ya msimu wa 2024/25 ilipokwisha, KenGold ilikuwa mkiani. Basi Januari 2025 viongozi wake wakafungua mfuko, wakasajili watu wenye majina: Kelvin Yondani, beki aliyepata kuzichezea Simba na Yanga, tena aliyekuwamo katika kikosi cha Taifa Stars kilichokwenda Misri kwa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2019, Bernard Morrison wa Ghana, na Obrey Chirwa, mwana wa jirani zetu wa Zambia. Wapenzi walifurahi sana. Hata hivyo, Februari 5 mwaka huo KenGold ilifungwa na Yanga mabao 6 kwa 1, na mwisho wa msimu ikashuka daraja.

Wako wanaosema, “Mwaona? Wazee hawafai.” Lakini hukumu hiyo ni ya haraka, na haraka haraka haina baraka. Kwanza, katika hao watatu tuliowataja, wawili ni washambuliaji. Na jina kubwa la mbele haliwezi kuziba tundu la nyuma. Pili, usajili huo ulifanywa timu ikiwa imekwisha kuzama nusu. Ili tuhukumu kwa haki, imetupasa kwanza tujue kazi ya beki ni nini, na umri humpa nini na kumnyang'anya nini.

Kazi ya beki si kukimbia na kupiga mpira mbali tu, kama wengi wadhanivyo. Sehemu kubwa ya kazi yake haionekani. Beki hodari husimama mahali pafaapo kabla mpira haujafika. Huangalia mabega ya mshambuliaji ajue atageukia wapi. Humwita mwenziwe asogee kushoto au arudi nyuma. Mabeki wanne wakipanda kwa pamoja, adui huotea. Mmoja akichelewa kwa hatua moja, adui hubaki peke yake na golikipa. Haya yote hujifunzwa kwa miaka. Ndiyo maana mchezaji wa pembeni huanza kufifia mapema, lakini beki wa kati aweza kudumu muda mrefu: akili yake humfikisha mahali ambapo miguu ya kijana ingemfikisha kwa mbio. Jungu kuu halikosi ukoko.

Ila miaka nayo hudai chake. Mkongwe hugeuka polepole. Mbio moja ataiweza, lakini mbio kumi zinazofuatana zitamchosha. Mchezo wa Jumamosi humwachia maumivu hadi Jumatano. Na katika nchi yetu kuna jambo la safari: kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 kwa barabara, na timu isiyo na fedha za ndege humfikisha mchezaji uwanjani akiwa amechoka. Kijana wa miaka 20 hulala usiku mmoja akapona. Mtu wa miaka 38 hawezi.

Sasa tutazame ng'ambo. Mwezi wa Agosti 2020 klabu ya Chelsea ya London ilimsajili Thiago Silva wa Brazili, aliyekuwa karibu kutimiza miaka 36. Wengi walicheka. Tena katika mchezo wake wa kwanza wa ligi, dhidi ya West Bromwich Albion, aliteleza na bao likafungwa. Mchezo ukaisha 3 kwa 3. Lakini Chelsea, ambayo katika ligi ya msimu wa 2019/20 ilifungwa mabao 54, katika msimu wa 2020/21 ilifungwa 36 tu, ikawa na bingwa wa Ulaya. Je, ni kazi ya mkongwe huyo peke yake? Hasha. Msimu huo huo klabu ilipata golikipa mpya, Édouard Mendy, na beki wa kushoto mpya, Ben Chilwell. Kisha Januari 2021 akaja kocha mpya, Thomas Tuchel, aliyepanga mabeki watatu wa kati, hata Silva akawa na wenzake wa kukimbia pande zote mbili. Mkongwe alikuwa boriti moja katika nyumba iliyojengwa upya.

Tena kuna jambo la kushangaza. Katika fainali ya Ulaya ya Mei 29, 2021, Silva aliumia kabla ya mapumziko. Akaingia Andreas Christensen, na Chelsea haikufungwa. Ilishinda 1 kwa 0. Na watu wa mpakani watakumbuka kwamba jambo kama hilo lilikwisha kutokea kwa jirani zetu. Februari 12, 2012, huko Libreville, Zambia ilicheza fainali ya Afrika na Ivory Coast. Joseph Musonda, beki mkongwe, aliumia mapema akatoka analia. Akaingia Nyambe Mulenga. Zambia haikufungwa kwa dakika 120, ikashinda kwa penalti 8 kwa 7, na kocha Hervé Renard akambeba Musonda mikononi mwake ili asherehekee na wenziwe. Fundisho ni moja: timu ya busara ni ile ambayo mkongwe akitoka, nafasi yake haibaki wazi.

Wala tusisahau upande wa vijana. Mwaka 2013 Mbeya City ilipanda Ligi Kuu ikiwa na kocha Juma Mwambusi, na wachezaji ambao wengi wao hawakuwa na majina makubwa. Katika msimu wake wa kwanza ilishika nafasi ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga. Basi kumbe ulinzi waweza kujengwa bila jina kubwa, mradi watu wamezoeana na kila mmoja ajua kazi yake.

Kwa hiyo kiongozi wa klabu atakaye kumwajiri mkongwe na ajiulize maswali haya. La kwanza: mabao tunafungwaje? Ayahesabu moja moja na kuyaandika daftarini. Kama mengi hutokana na kona na mipira ya juu, au mabeki kutosemezana, mkongwe atasaidia. Kama hutokana na adui kuwapita mabeki kwa mbio, mkongwe atazidisha msiba. La pili: kocha wetu hupanga mabeki karibu na goli au karibu na nusu ya uwanja? Mkongwe asiwekwe mahali ambapo nyuma yake pana shamba tupu. La tatu: ni nani atakayesimama kando yake, mwenye mbio za kumfidia? La nne: atakuja lini? Afadhali aje kabla ya msimu, azoeane na golikipa na mabeki wenziwe. Sauti ya mtu haijulikani kwa wiki moja. La tano: mkataba wamtaka acheze tu, au pia afundishe? Aliyelipwa kufundisha, hata akiondoka, huacha kitu.

Twaonelea hivi: klabu ya mkoa kama wetu imchukue mkongwe mmoja, si kundi, imchukue mapema, si wakati wa kuzama, na mshahara wake uwe mdogo kiasi cha kubakiza fedha za kuwalea vijana wawili wa Mbozi, Ileje au Momba, watakaosimama karibu naye kila siku ya mazoezi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mwenye kuziba ufa kwa jiwe moja kubwa bila udongo wa kulishika, mvua ya kwanza itamwonyesha. Mzee ni jiwe, vijana ni udongo, na kocha ndiye fundi. Siku kijana wa Mlowo atakapompanga mwenziwe kwa sauti ile ile aliyoisikia kwa mkongwe, ndipo klabu itajua kwamba fedha yake haikupotea.