Tumbo Linaponguruma Ndani ya Saumu

Alasiri ya Ramadhani hapa Mkomani, bajia na viazi karai vishaanza kunukia vichochoroni na adhana ya magharibi bado, tumbo la mfungaji hunguruma hata aliye ubavuni akasikia. Watu husema tumbo linalia njaa. Kwa kweli liko kazini.

Daku likishasagika, sehemu ya juu ya utumbo mwembamba humwaga damuni homoni iitwayo motilini, takriban kila dakika 90 hadi 120. Homoni hiyo huziamsha neva za tumbo, na misuli hukaza kwa mawimbi makali yanayofagia masalio ya chakula na bakteria kuelekea chini. Hewa na majimaji vikisukumwa mahali patupu, ndipo husikika ule mngurumo. Ukifungua kwa tende, ufagiaji husita na kazi ya kusaga huanza: mikazo 3 hivi kwa dakika. Dawa ya erithromisini huiga motilini, ndiyo maana wengi wakiimeza tumbo huwasokota.

Je, neva huuambiaje msuli ukaze? Mwaka 1921, huko Graz, Austria, Otto Loewi aliisisimua neva ya moyo wa chura, moyo ukapunguza mwendo. Akachukua majimaji ya moyo ule akayatia kwenye moyo wa chura wa pili. Nao ukapunguza mwendo, ilhali neva yake haikuguswa! Kumbe neva hutuma kemikali. Kemikali yenyewe ni asetilikolini, na mwaka 1936 Loewi na Henry Dale walitunukiwa Nobeli.

Ajabu ni kwamba kemikali hiyohiyo inayopunguza mwendo wa moyo ndiyo inayokaza tumbo. Hunasa juu ya seli ya msuli, kalsiamu ikajaa ndani, nyuzi za protini zikavutana, msuli ukajikunja. Papo hapo kimeng'enya huivunja asetilikolini, msuli ukapata kulegea.

Baadhi ya dawa za kuulia wadudu hukizuia kimeng'enya hicho. Asetilikolini hurundikana, tumbo likasokota bila kupumzika, mtu akatapika, akaharisha, akatokwa na jasho na mate, na mwisho pumzi humkatika. Kwa hiyo ukimwona aliyepulizia dawa shambani au chumbani ana dalili hizo, usimpe maziwa wala usingoje zipoe. Mtoe penye dawa, mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa sabuni huku umevaa glavu, na umkimbize hospitali pamoja na chupa ya dawa hiyo.