Usimwambie mtoto acheke: somo la picha kutoka Thongpiny

THONGPINY, Juba

Binti yangu alipotimiza miaka minne tulimvalisha gauni jipya la njano, tukampaka mafuta mpaka magoti yakang'aa, tukamsimamisha mbele ya uzio wa mabati hapa nyumbani. Ilikuwa saa saba mchana. Mimi nilishika simu, mama yake alisimama nyuma yangu akipiga makofi, na jirani akasaidia kupaza sauti: "Simama wima! Tazama huku! Cheka!"

Mtoto alisimama wima. Mikono aliibana mapajani kama askari wa gwaride, macho yalifinywa na jua, na meno yalitokeza bila kicheko. Nilipiga picha kumi na mbili. Jioni nilimtumia bibi yake aliyeko Tanga ile niliyoiona afadhali. Jibu lake lilikuwa swali: mtoto anaumwa?

Siku hiyohiyo boza la maji lilikuwa limekuja kujaza tangi la jirani. Mpira ulivuja, dimbwi dogo likatokea uani, na binti yangu akaingia humo na gauni lake jipya. Mama yake, kabla ya kumkemea, alipiga picha moja tu. Gauni limelowa, mguu mmoja uko hewani, mdomo uko wazi. Hiyo ndiyo picha ambayo bibi ameitundika sebuleni.

Tangu hapo nimekuwa nikijifunza namna ya kupiga picha za watoto wadogo zinazofanana na watoto wenyewe. Nimejifunza kwa kukosea na kwa kuwauliza mafundi wa picha wa hapa mjini. Kamera ya bei kubwa haihitajiki. Simu uliyonayo mfukoni inatosha, ukijua mambo machache kuhusu jua, kuhusu mtoto na kuhusu mtaa unaoishi.

Sura ya mtoto, sura ya nchi

Watoto wa Thongpiny wakiona simu imeinuliwa hukimbia kuelekea kwako wakiita "sura! sura!" Katika Kiarabu cha Juba, sura ni picha. Sisi wa Kiswahili tukisikia sura tunafikiria uso wa mtu. Neno ni moja, na mgeni kutoka Mombasa au Kigoma halihitaji mkalimani.

Sura ya mtoto wa nchi hii imezunguka dunia nzima, lakini si kwa namna ambayo mzazi angependa. Machi 1993 gazeti la New York Times lilichapisha picha aliyoipiga Kevin Carter wa Afrika Kusini huko Ayod, katika eneo ambalo leo ni Jimbo la Jonglei. Ilionyesha mtoto aliyedhoofika kwa njaa, ameinama hadi chini, na nyuma yake tumbusi ametua. Mwaka 1994 picha hiyo ilipata tuzo ya Pulitzer. Njaa ile ilikuwa ya kweli, na picha iliifanya dunia ijue. Hata hivyo, miaka zaidi ya thelathini imepita na bado wapo wengi nje ya eneo letu ambao ukiwatajia mtoto wa Sudan Kusini huiona picha hiyo kwanza. Mtoto anayeruka dimbwi, anayemfukuza kuku au anayemsuka mwanasesere hawajawahi kumwona. Picha hizo hazitapigwa na mgeni aliyekuja kwa siku tatu. Tutazipiga sisi tunaoishi nao.

Kuna sababu nyingine iliyo karibu zaidi. Desemba 2013 mapigano yalipozuka Juba, maelfu ya watu walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa hapahapa Thongpiny, pembeni ya uwanja wa ndege. Julai 2016 mji ukaingia vitani tena. Anayekimbia hubeba mtoto, maji na hati akizipata. Albamu hubaki nyumbani, na nyumba ikichomwa au kuporwa, utoto wa watu watano au sita hupotea kwa siku moja. Wapo wazazi katika mji huu ambao hawana hata picha moja ya kuwaonyesha watoto wao wakubwa walivyokuwa wadogo.

Kwa hiyo mzazi wa hapa anayempiga mwanawe picha nzuri anaweka akiba. Tuione inavyowekwa.

Jua la Juba halina huruma

Juba iko kama digrii tano tu kaskazini mwa Ikweta. Saa sita na saa saba mchana jua huwa karibu utosini mwaka mzima. Mwanga wa namna hiyo huweka kivuli cheusi machoni, hung'arisha paji la uso na kumfanya mtoto akunje ndita. Mabati nyuma yake huongeza ukali, na simu, ikikutana na mwangaza huo wote, hupunguza mwanga wa picha nzima. Uso wa mtoto hugeuka giza. Ndivyo nilivyoharibu picha kumi na mbili kwa mkupuo.

Chagua asubuhi mpaka saa mbili, au jioni kuanzia saa kumi na nusu. Wageni kutoka Nairobi na Dar es Salaam wakumbuke kwamba tangu Februari 2021 saa za Juba ziko nyuma ya zao kwa saa moja, hivyo jua hapa hutua karibu saa kumi na mbili jioni. Ukisubiri mpaka saa kumi na mbili na nusu kama ulivyozoea kwenu, utakuta giza.

Ikiwa ni lazima upige mchana, tafuta kivuli kipana cha mwembe au mwarobaini. Epuka kivuli chenye matundu ya jua, maana kitamwekea mtoto madoa usoni. Mahali pengine pazuri ni mlangoni. Mtoto akae ndani hatua moja kutoka kizingitini, akitazama nje, nawe usimame nje pembeni ya mlango. Mwanga utamfikia usoni kwa upole, na giza la chumba nyuma yake litaficha ndoo, nyaya na nguo za kufua. Zima flashi.

Kisha futa lenzi. Vumbi la kiangazi na mafuta ya vidole huifanya picha iwe na ukungu, na wengi huilaumu simu bure. Kitambaa laini cha pamba kinatosha.

Ngozi yake ni yake

Kwa miaka mingi filamu za rangi zilirekebishwa maabara kwa kutumia kadi za kampuni ya Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley. Matokeo yake, mtu mweusi alitoka bila macho wala mashavu, hasa akisimama karibu na mtu mweupe. Siku hizi hali imebadilika. Watengenezaji wa simu za Tecno, Infinix na itel, ambazo zote ni za kampuni moja ya China, Transsion, walilipata soko la Afrika kwa sehemu kwa kuzirekebisha kamera zao zione vizuri ngozi nyeusi.

Hata hivyo simu hubahatisha, nawe unaweza kuisaidia. Gusa uso wa mtoto kwenye kioo kabla ya kupiga, ili simu ipime mwanga hapo. Simu nyingi zitakuonyesha alama ndogo ya jua, nayo ukiipandisha au kuishusha kwa kidole mwanga wa picha hubadilika. Mweke mtoto mbele ya kitu kisichong'aa, kama ukuta wa udongo, uzio wa matete au majani mabichi.

Halafu ingia kwenye mipangilio ya kamera uzime kile kinachoitwa urembo. Mara nyingi huwa kimewashwa tangu dukani. Kazi yake ni kulainisha uso, na katika simu nyingine huufanya mweupe kuliko ulivyo. Mtoto mwenye weusi wa Mdinka au Mnuer akikua akikuta kila picha yake ilipunguzwa rangi, atakuwa amefundishwa jambo ambalo wazazi wake hawakukusudia kumfundisha.

Shuka chini, kisha subiri

Mtu mzima akipiga picha akiwa amesimama, mtoto hutoka na kichwa kikubwa na miguu mifupi, kama aliyetazamwa kutoka ghorofani. Chuchumaa. Piga magoti. Ukiweza, lala kifudifudi juu ya mkeka. Simu ikiwa usawa wa macho yake, utaiona dunia anayoiona yeye, yaani meza ni paa na mbuzi ni mkubwa kama ng'ombe.

Usimwamuru acheke. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kucheka kwa amri, ataonyesha meno tu. Mpe kazi badala ya amri. Mwambie apeleke kikombe kwa shangazi, achambue maharage pamoja nawe, au aoshe viatu kwenye beseni. Muulize swali la kipuuzi, kwa mfano kama kuku ana magoti. Atakapokuwa anatafakari jibu, piga. Jibu likimchekesha mwenyewe, piga tena.

Dakika tano za kwanza mwache aichezee simu, aone uso wake, ajipige selfi za pua. Shauku ikiisha, atarudi kwenye mchezo wake na kukusahau. Hapo ndipo kazi yako inapoanza. Watoto hawatulii, kwa hiyo katika simu nyingi unaweza kubonyeza kitufe bila kukiachia, au kukivuta pembeni, ili upate picha nyingi mfululizo. Baadaye chagua mbili na ufute nyingine.

Usipige uso tu. Piga vidole vilivyojaa unga wa asida, ndala za baba katika miguu ya mtoto, mgongo wa mdogo aliyebebwa na dada yake. Miaka ishirini ijayo hizo ndizo zitakazokumbusha maisha yalivyokuwa.

Ndege zikipita

Hapa Thongpiny ndege hupita chini sana, na kila moja inapopita watoto huacha kila kitu na kuipungia mikono. Ukiwa na simu mkononi utatamani kuipiga ile ndege. Acha. Katika nchi hii upigaji picha hadharani si jambo la mzaha. Kuna taratibu za vibali, na kuelekeza kamera kwenye uwanja wa ndege, daraja la mto Nile, majengo ya serikali au wanajeshi kunaweza kukuingiza matatani, hata kama nia yako ilikuwa mtoto tu.

Fanya hivi: ipe ndege mgongo, umgeukie mtoto. Picha ya ndege hata hivyo ingetoka kama inzi angani. Uso wa mtoto anayeitazama, kidevu juu na mkono mmoja ukiwa umekinga jua, ni picha ambayo hutaipata Kampala wala Kigali. Hakikisha nyuma yake kuna uzio wa nyumbani. Barabara ikae nje ya picha.

Watoto wa jirani nao wataingia, na ni vizuri waingie. Lakini mwombe mama yao kwanza, kisha mwonyeshe ulichopiga. Akisema futa, futa mbele ya macho yake, usimuulize sababu. Watu wa hapa wamepigwa picha nyingi na wageni ambazo hawakuziona tena. Usipige mtoto akiwa uchi bafuni, hata kama anachekesha. Usitume mtandaoni picha inayoonyesha jina la shule yake au lango la nyumba. Akiwa mkubwa kiasi cha kusema hapana, hapana yake iheshimiwe.

Iweke kwenye karatasi

Simu huibiwa, huanguka majini, na kioo hupasuka. Picha iliyoko ndani ya simu moja haijahifadhiwa. Tuma nakala kwa ndugu wa mji mwingine, ikiwezekana nchi nyingine. Ndipo uchague chache ukazichapishe dukani. Nyuma ya kila moja andika kwa kalamu ya risasi jina la mtoto, majina ya wazazi, mahali na tarehe. Zifunge kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vya kuzaliwa, ili siku ya mafuriko, moto au safari ya ghafla ziondoke pamoja na hati.

Ukanda wetu unajua thamani ya karatasi hiyo. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, mashirika ya misaada yaliwapiga picha maelfu ya watoto waliopotezana na wazazi, wengi wakiwa wadogo mno kuweza kutaja jina la baba au kijiji. Picha zilibandikwa kwenye mbao makambini, na watu wakapita wakizikagua moja moja. Hapa Sudan Kusini, Msalaba Mwekundu umetumia vitabu vya picha kuwatafuta ndugu waliotenganishwa na vita. Kwa hiyo kati ya picha za michezo, weka moja inayoonyesha uso wazi, na uibadilishe kila baada ya miezi sita, maana mtoto wa miaka miwili na wa miaka mitatu ni kama watu wawili tofauti.

Mwezi uliopita tulichapisha picha ya dimbwi nakala tatu. Moja iko Tanga ukutani, moja iko kwenye mfuko wa hati chini ya kitanda. Ya tatu tulimpa jirani mwenye tangi la maji, kwa sababu mwanawe anaonekana pembeni, amelowa kuliko wote. Aliitazama kwa muda mrefu, akaenda kutafuta msumari.