Kabla ya kubomoa nyumba ya babu, angalia jina lililo kwenye hati

Ukitembea kutoka kituo cha 56 pale Kawangware utaona bado zimesimama nyumba za zamani za udongo na mabati, zimebanwa katikati ya maghorofa. Dagoretti iliingizwa ndani ya mipaka ya Nairobi mwaka wa 1963. Kabla ya hapo yalikuwa mashamba, na ploti nyingi za hapa ni vipande vya shamba la ukoo. Wajukuu sasa wanataka kubomoa na kujenga kwa mawe. Wana haki hiyo, mradi wapate kibali cha kaunti kabla ya nyundo ya kwanza.

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019 inasema mtu yeyote asifanye ujenzi au mabadiliko kwenye ardhi bila kibali. Anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote viwili. Ploti kuwa yako tangu enzi za babu hakukuondolei wajibu huo.

Hapo kwa babu ndipo penye kazi. Mwombaji wa kibali huambatanisha hati miliki na matokeo ya upekuzi wa ardhi. Ikiwa hati bado ina jina la marehemu, hakuna mjukuu anayeweza kutia sahihi kwa niaba yake, hata kama ndiye aliyemtunza mzee hadi siku ya mwisho. Familia yapaswa kwenda mahakamani kwanza kufungua kesi ya mirathi, ikiwa na cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi wote. Wote ni pamoja na mabinti walioolewa. Kumwacha dada nje ya orodha ndiyo njia ya haraka ya kusimamishiwa mjengo baadaye. Ombi huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Msimamizi akishateuliwa, kwa kawaida hupita miezi sita kabla mahakama kuthibitisha mgawo na hati kubadilishwa jina. Kwa hivyo anayetaka kujenga mwaka ujao aanze mirathi sasa.

Hati ikiwa sawa, mengine si magumu. Tafuta msanifu majengo aliyesajiliwa akuchoree ramani, na mhandisi aliyesajiliwa akupigie hesabu za msingi, nguzo na slabu. Fundi wa mtaa anaweza kuwa hodari wa kujenga, lakini sahihi yake haikubaliki kwenye ramani. Jengo la ghorofa sita lililoanguka Huruma usiku wa Aprili 29, 2016 halikuwa na idhini, na liliua watu wapatao 50. Lipa pia ada za ardhi unazodaiwa. Maombi yenyewe huingizwa katika mfumo wa kaunti wa mtandaoni, kwa kawaida na msanifu wako, na ada hulipwa humo humo na kutolewa risiti. Anayekuja kwenye ploti akitaka pesa mkononi ili "asukume faili" hakusaidii, hata akiwa na beji.

Katika maombi, taja wazi kwamba kuna nyumba ya kubomolewa. Na kama ilikuwa nyumba ya familia moja nawe unataka kujenga vyumba vya kupangisha, sema hivyo pia, maana huenda ukahitaji idhini ya kubadilisha matumizi, na majirani wana haki ya kujulishwa na kutoa maoni. Ploti iliyo kando ya mto ina mpaka wake: ukingo wa kati ya mita 6 na 30, kulingana na upana wa mto, haujengwi.

Wapangaji nao wasisahauliwe. Mwenye duka au hoteli analindwa na sheria ya upangaji wa biashara: mwenye nyumba anaweza kumwondoa kwa sababu ya kubomoa, lakini kwa notisi ya maandishi, katika fomu maalum, isiyopungua miezi miwili. Mpangaji asiyekubali anaweza kupeleka shauri lake kwenye Mahakama ya Upangaji wa Majengo ya Biashara. Kibali cha kaunti hakimfukuzi mtu yeyote.

Paa likiwa la asbesto, usilivunje. Matumizi yake yalipigwa marufuku nchini mwaka wa 2006 kwa sababu vumbi lake huharibu mapafu, na kuliondoa ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA. Kenya Power nao wakate umeme kabla ya ukuta kuguswa.

Kwa wakazi wa Kibera hali ni tofauti. Ardhi kubwa ya hapo ni ya serikali, na mwenye chumba hana hati ya kuambatanisha, kwa hivyo njia hii haimfai. Nyumba mpya huko hujengwa kupitia miradi ya serikali ya kuboresha makazi, kama ule wa Soweto Mashariki. Pia kuna ekari 288 ambazo jamii ya Wanubi ilipewa hati yake mwaka wa 2017, na hiyo ni hati ya jamii, si ya mtu mmoja mmoja.

Tunza risiti yenye tarehe ya kuwasilisha maombi. Sheria inasema zikipita siku 60 bila jibu la maandishi, kibali huhesabiwa kuwa kimetolewa, na bila risiti huwezi kuthibitisha siku hizo. Ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufaa kwa Kamati ya Uratibu wa Mipango ya Kaunti, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ukikubaliwa, sajili mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, weka bango mbele ya ploti, na mwite mkaguzi wa kaunti aone msingi kabla haujafunikwa kwa zege.