Roboti ya nyumbani: kwa nini inagonga ukuta ukishaiwekea taa?

Wakaaji wa Kinshasa wanajua maroboti ya roulage, yale marefu yenye kusimama kwenye njia panda na kuongoza magari. Ya kwanza yaliwekwa mwaka 2013, kazi ya kikundi cha injinia Thérèse Izay. Yale hayatembei. Lakini kijana mwenye kutaka kujifunza kazi hiyo nyumbani, mara nyingi anaanza na roboti ndogo yenye kutembea: magurudumu, motere mbili, kadi ya Arduino, na kitu kama macho mawili mbele. Ikikuta ukuta, inageuka. Na kwa sababu ni kitu cha kuonyesha watu, anaipamba na taa za rangi.

Hapo ndipo shida inaanza. Jana ilikuwa inaepa vizuri. Leo ina taa, inagonga kiti mbele ya kila mtu. Kijana anasema, "Sensa imekufa," anaenda kununua ingine. Pesa inapotea bure, kumbe sensa ilikuwa nzima.

Kwanza tuelewe namna inaona. Yale macho mawili, kwa kweli, ni mdomo na sikio. Kwenye sensa yenye kutumiwa sana, HC-SR04, upande mmja unatoa sauti yenye kutetemeka mara 40,000 kwa sekunde. Sisi hatuisikii, maana sikio la mtu linaishia karibu 20,000. Sauti inagonga kitu, inarudi, upande wa pili unaipokea, kama vile popo anavyofanya usiku. Sauti inakimbia karibu mita 340 kwa sekunde. Kitu kikiwa sentimita 20 mbele, kwenda na kurudi ni sentimita 40: inachukua zaidi kidogo ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kadi inapima muda huo na kujua umbali.

Sasa taa. Programu ya kwanza ambayo karibu kila mtu anajifunza inawasha taa, inangoja nusu sekunde, inazima, inangoja tena nusu sekunde. Amri ya kungoja inaitwa delay. Wakati kadi inangoja hivyo, haiulizi sensa kitu. Lakini motere zinaendelea kuzunguka! Tupige hesabu: roboti yenye kutembea sentimita 30 kwa sekunde itakwenda sentimita 30 bila kuangalia mbele. Nawe uliiambia igeuke ikibakia sentimita 20. Si unaona? Inaweza kugonga kabla ya kuangalia tena.

Dawa iko kwenye amri ingine, millis, yenye kusoma saa ya kadi. Mama mwenye maharagwe motoni hasimami mbele ya sufuria mpaka yaive. Anatwanga sombe, mara kwa mara anatupa jicho. Programu nayo ifanye hivyo: iulize sensa, iangalie saa, ikiwa nusu sekunde imepita ibadilishe taa, kisha irudie kwa sensa.

Sababu ya pili ni umeme. Motere zikianza, zinavuta umeme mwingi mara moja. Ikiwa kadi, taa na motere zote zinakula kwenye majiwe yale yale, nguvu inashuka, kadi inazimika na kuanza upya. Dalili yake: taa zinakatika kila mara roboti inapogeuka. Patia motere majiwe yao, na kadi yake. Lakini waya za upande wa kutoa (−) ziungane zote. Kila taa iwe na rezistansi yake: kwa volti 5, ile ya om 220 inaacha taa nyekundu ile karibu miliampere 14, na kadi inavumilia. Jiwe dogo la mraba la volti 9 halifai kwa motere, linachoka haraka. Na betri ya ordinatere ya zamani usiibomoe: lithiamu inaweza kuwaka moto.

Basi jenga kwa hatua: itembee kwanza, iepe, ndipo uipambe. Ikigonga, toa taa, jaribu tena. Ikiepa bila taa, sensa yako ni nzima. Weka pesa yako mfukoni, urudie kwenye programu na majiwe.