Ngoma Juu ya Kibuyu (Sehemu ya Pili)

Wiki jana tuliwaacha Wagiriki wa Athens na vikombe vyao vya udongo, vyenye michoro ya wanaume waliolewa wakicheza. Leo tuko Machakos, Kenya. Ukambani, nchi ya Wakamba, nako mchoro wa raha ulikaa juu ya chombo.

Tuanze na ganda. Mung'unye huachwa likomae, hutolewa nyama na mbegu, kisha hukaushwa. Mchoraji huchanja kwa ncha ya kisu na kusugua masizi na mafuta mpaka mistari iwe myeusi. Ganda ni gumu, la mviringo, tena linateleza. Kisu hukata mstari ulionyooka kwa urahisi, lakini hugoma kwenye mstari uliopinda. Kwa hiyo ukimwona mchezaji mwenye magoti ya pembe na mikono mikavu kama vijiti, usiseme mchoraji hakuujua mwili. Umeona kazi ya kisu.

Sasa uliza kibuyu kilibeba nini. Uki, pombe ya asali au miwa iliyochachushwa kwa tunda la muatine (mwegea kwa Waswahili), ilikuwa ya wazee: ya mahari, ya mashauri, ya tambiko. Vijana walicheza, wakaruka hata kupindua vichwa chini, ila kata ya pombe haikuwafikia. Basi kibuyu cha uki chenye vijana wanaoruka kilitazamwa na mtu ambaye magoti yake yalishastaafu. Hapo mimi nasoma kumbukumbu, pengine na wivu kidogo.

Kama wanaocheza ni wanawake wenye ngoma, tahadhari. Katika kilumi, ngoma ya wanawake wa Kikamba, midundo huita pepo na kuomba mvua. Mikono iliyoinuliwa si ya starehe. Wagiriki pia walimchezea Dionysos, mungu wa mvinyo, na wasomi bado wanabishana ibada inaishia wapi. Serikali ya kikoloni haikubishana: ngoma za pepo zilipoenea Machakos mwaka 1911, iliziona uasi, na viongozi wake, Siotune wa Kathuke na Kiamba, wakahamishwa.

Vibuyu vya twiga na tembo vinavyouzwa kwa watalii vimetoka katika ufundi huohuo, ila havikuwahi kutiwa kinywaji. Ukitaka kununua kilichotumika kweli, nusa ndani kwanza. Cha kunywea hubaki na harufu ya uchachu, na ganda lake huwa jeusi zaidi pale viganja vilipokishika.

Itaendelea.